Sumu ya Soseji na Vidole Vyeupe

Mwaka 1862, mjini Paris, daktari kijana Maurice Raynaud aliwasilisha tasnifu kuhusu wagonjwa ambao vidole vyao, vikipigwa na baridi tu, viligeuka vyeupe kama chokaa, kisha samawati, halafu vyekundu damu iliporudi kwa maumivu ya kuunguza. Wengine ncha za vidole zilioza. Raynaud alizishuku neva: zimesisimka kupita kiasi, zinaibana mishipa midogo ya damu.

Miaka 40 kabla yake, huko Württemberg, kusini mwa Ujerumani ya leo, tabibu na mshairi Justinus Kerner aliwachunguza watu waliokufa kwa kula soseji zilizoharibika. Aliwajaribia wanyama sumu ya soseji hizo, akaionja na yeye mwenyewe. Kitabuni mwake cha 1822 alidokeza kwamba ikitumiwa kidogo sana ingeweza kutuliza neva zilizosisimka mno. Mawazo ya mabwana hawa wawili yalifaana kabisa, lakini hayakukutanishwa kwa zaidi ya karne.

Desemba 1895, kijijini Ellezelles, Ubelgiji, wanamuziki waliotoka kupiga mazishini walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi. Wakaanza kuona kitu kimoja viwili, kope zikalegea, mate yakawa hayamezeki. Watatu walikufa. Émile van Ermengem, profesa wa Ghent, alilipima paja lile pamoja na viungo vya maiti, akambaini bakteria anayeizalisha sumu ile ile ya soseji.

Katika miaka ya 1970 Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, alianza kuwadunga sumu hiyo wenye makengeza. Marekani ikaiidhinisha 1989. Ilipofika 2004, madaktari wa Vienna walieleza habari za wagonjwa wawili wenye ugonjwa wa Raynaud waliodungwa sumu hiyo vidoleni.

Siku hizi sindano nyembamba huingizwa kiganjani, penye shina la kidole, neva na ateri zinapopita pamoja. Kiganja kina hisia kali, kwa hiyo ganzi hutangulia. Wapo wanaoishiwa nguvu za kubana kitu kwa wiki kadhaa.

Je, inasaidia? Wagonjwa wengi husimulia nafuu, nami sidharau neno la mtu aliyelala usiku mzima baada ya miezi ya maumivu. Hata hivyo, mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio kwa wenye ugonjwa wa Raynaud unaoambatana na ugonjwa wa kukakamaa ngozi: mkono mmoja ulidungwa sumu, wa pili maji ya chumvi. Mtiririko wa damu haukuongezeka katika mkono uliopewa sumu.