Deni Halifi Pamoja na Mdai

Nyasho haiko mbali na bandari ya Musoma, ambako meli za iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikuwa zikitia nanga. Katika mji wa namna hii, mafao ya marehemu ni sehemu ya historia.

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Mkataba wa Usuluhishi uliotiwa saini Arusha mwaka 1984 uligawa mali: Kenya asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Kila nchi ilibeba pia jukumu la kuwalipa raia wake pensheni. Watumishi wa Tanzania walifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2003, na makubaliano yakafikiwa mwaka 2005. Aliyekuwa na miaka 50 Jumuiya ilipokufa, sasa alikuwa na miaka 78. Wengi hawakuifikia siku hiyo.

Kifo hakifuti deni. Hubadilisha mdai tu. Mrithi hutafuta cheti cha kifo, ukoo hukaa kikao, kisha mahakama, mara nyingi ile ya Mwanzo, humteua msimamizi wa mirathi. Utaratibu huo una hekima, kwani humlinda mjane na yatima dhidi ya ndugu mwenye tamaa. Kasoro naiona kwingine: majalada ya ajira hutunzwa na mwajiri, lakini anayetakiwa kuthibitisha utumishi ni mjane mwenye karatasi chache sandukuni.

Nawaomba watumishi wa umma wanaonisoma: mrithi anapofika dirishani, fungueni kwanza jalada lenu kabla ya kumdai lake.