Posa Iliyokataliwa na Sheria ya Kuua

Mtu wa Njombe au Makambako akitiwa hatiani na Mahakama Kuu kwa kummwagia tindikali mwanamke aliyeikataa posa yake, naye mwanamke akafa kwa majeraha, rufani huenda Mahakama ya Rufani, iliyoundwa mwaka 1979. Huko mrufani aweza kujitetea: hakukusudia kuua, alitaka kumharibu sura tu.

Utetezi huo ndio unaomfunga. Kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika mwaka 1945, hakidai nia ya kuua peke yake; nia ya kumdhuru mtu vibaya yatosha, na kumharibu mtu sura kwa maisha yake yote ni dhara la namna hiyo. Asemaye hivyo amekiri kosa la kunyongwa.

Ugumu u katika kumtambua mtendaji. Aliyeunguzwa na tindikali huweza kuishi siku kadhaa, akamtaja adui yake. Lakini mwaka 1954 majaji wa rufani wa Afrika ya Mashariki walionya kuwa maneno ya anayekufa, ambayo mshtakiwa hakupata kuyahoji, kwa kawaida si salama kutegemewa peke yake. Onyo la haki, ingawa chungu kwa wafiwa. Ndiyo maana mahakama huuliza: ilikuwa saa ngapi, kulikuwa na taa gani, umbali wa hatua ngapi, na je, marehemu alimjua mtu huyo kabla?