Treni ndogo za mfano: mwili wa kipimo kimoja, miguu ya kingine

Wanaotengeneza treni ndogo za mfano hujigawa kwa kipimo. HO ni treni iliyopunguzwa mara 87, reli zake zikiachana milimita 16.5. TT ni mara 120, reli milimita 12. N ni mara 160, milimita 9. Mtu angefikiri kila kundi linabaki kwake, kumbe wanaazimana sana.

Tuchukue njia ya Kindu hadi Kalemie. Reli zake zinaachana milimita 1067, wakati nchi nyingi za Ulaya zinatumia 1435. Fundi wa HO akiweka vagoni ya Kongo juu ya reli za kawaida za HO, miguu inatoka mipana mno. Mtu wa Kabalo ataona mara moja kwamba hii si yetu. Dawa iko kwa jirani: reli za TT. 12 mara 87 ni 1044. Kosa linalobaki mezani halifiki hata theluthi ya milimita.

Ufundi wa kupaka kutu na vumbi nao unahama bila shida. Kokoto hapana: zile za HO, ukizimwaga kwenye njia ya N, zinaonekana kama mawe ya kujengea nyumba.