Vyombo vya Tajiri, Vidole vya Mpigaji

Mpiga solo wa bendi ya dansi akihama, huondoka mikono mitupu. Gitaa huliacha ndani ya boksi lake, kwa sababu halikuwa lake hata siku moja. Amplifaya si yake, spika si zake, na waya wa kuchomekea mara nyingi si wake pia. Anaondoka na vidole, na vidole hivyo ndivyo tajiri mwingine alivyokuwa akivimezea mate.

Mwaka 1985 jambo hilo lilitendeka Dar es Salaam mchana kweupe. Mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake mwenyewe, akawachukua wanamuziki sita wa bendi ya Mlimani Park na kuunda International Orchestra Safari Sound. Miongoni mwa waliohama walikuwa mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar. Bendi mpya ikaja na mtindo wa Ndekule, Mlimani Park wakabaki na Sikinde yao, na mji ukagawanyika kama siku ya Simba na Yanga. Mashabiki walibishana juu ya sauti na tungo. Wanamuziki wenyewe walikuwa na hesabu nyingine: nani ana vyombo vizuri, na nani analipa.

Neno hilo, vyombo, ukilisikia kwa mtu wa bendi usifikirie sahani na vikombe. Ni magitaa, ngoma, maikrofoni, mitambo na spika zake. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, hata kama hajui kutofautisha besi na rithim. Historia ya dansi tumezoea kuisimulia kwa waimbaji, na huko utakuta mapenzi, misiba na vijembe. Mimi napenda kuisimulia kwa gitaa, nikianza na swali la nani alilinunua.

Mwanzoni waliolinunua ni wanachama. Dar es Salaam Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1932, ilikuwa ya zama ambazo bendi ilikuwa klabu kwanza: watu wanachangishana, wananunua vyombo, wanavaa suti na kucheza dansi za Kizungu. Mpigaji alikuwa karani au fundi mchana, na usiku ndipo alipokuwa mwanamuziki. Hakuna aliyetegemea gitaa kumlisha. Kisha zikaja santuri za Kyuba za lebo ya GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, na rumba ikashika mji hadi mji. Morogoro kijana Salum Abdallah aliipenda kiasi kwamba bendi yake aliiita Cuban Marimba. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, wakati bendi hiyo na Morogoro Jazz zikiwa zimeufanya mji mdogo chini ya Uluguru ushindane na Dar es Salaam.

Kando ya klabu hizo kulikuwa na njia nyingine, ya mtu na gitaa lake kavu. Wazee bado wanaliita galatoni, jina lililotokana na Gallotone, magitaa ya bei nafuu kutoka Afrika Kusini. (Gitaa la kwanza la John Lennon wa Beatles lilikuwa Gallotone Champion. Kwa hiyo yule wa Liverpool na vijana wa huku walianzia duka moja, kwa namna ya kusema.) Aliyelifikisha gitaa kavu mbali kuliko wote katika Kiswahili ni Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi. Bosco alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu: gumba likitembea chini kama besi, shahada ikiimba juu. Ukimsikiliza bila kumwona unaweza kuapa kwamba wako wawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na binamu yake Edouard Masengo walikuwa Nairobi, wakiutangaza muziki wao pamoja na vidonge vya Aspro. Vidonge vilikuwa vya kampuni. Gitaa, walau, mtu alitembea nalo mwenyewe.

Umeme ulipoingia, utembezi huo ukaisha. Gitaa la umeme peke yake ni ubao wenye waya. Halisikiki bila amplifaya, amplifaya haina maana bila spika, na vyote hivyo vinataka gari la kuvibeba. Mshahara wa karani haukufika huko. Hapo ndipo mpigaji alipoanza kuwa mtu wa mtu.

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda NUTA Jazz na kuwalipa wanamuziki wake mshahara. Leo hilo linaonekana la kawaida, lakini kwa mpiga gitaa yalikuwa mapinduzi. Sasa alikuwa mwajiriwa kama dereva au mhasibu. Bendi ikawa inabadili jina kila chama kinapobadilika, kutoka NUTA hadi JUWATA, kisha OTTU, mpaka ikatulia kwenye jina la mtindo wake: Msondo Ngoma. Taasisi nyingine zikafuata nyayo. Polisi wakawa na bendi, Jeshi, Magereza, Umoja wa Vijana, shirika la bima, shirika la usafiri la UDA. Mlimani Park yenyewe ilizaliwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafirishaji na teksi, na kampuni hiyo ilipofilisika, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, likaichukua mwaka 1983. Bendi ilibadilishiwa mmiliki pamoja na vyombo vyake, na mashabiki wakaendelea kucheza Sikinde bila kukosa hata wimbo mmoja.

Katika mfumo huo ndipo Tanzania ilipopata sauti yake ya gitaa. Mshahara ulileta muda, na muda ukaleta mazoezi. Mwimbaji hufika na maneno na melodi kichwani, mara nyingi bila karatasi. Anauimba mara mbili, tatu. Mpiga rithim anatafuta kodi za gitaa, lakini hazikwaruzi zote kwa pamoja. Anazivunja uzi mmojammoja hadi zizunguke kama gurudumu. Besi inaingia ikiacha mapengo. Mpiga second solo anatafuta tundu lililobaki kati ya rithim na solo, anakaa humo, na kazi yake ni kutoonekana. Wa solo anakuja mwisho, juu kabisa. Wanarudia sehemu hiyo hiyo nusu saa, saa nzima, mpaka mmoja abadilishe nota moja na wote wainue vichwa. Kisha wanatengeneza chemko, pale wimbo unapokolea na waimbaji wanaposogea pembeni kuwapisha wapiga gitaa na watu wa tarumbeta na saksafoni. Michael Enoch, aliyetamba kwa gitaa la solo Dar es Salaam Jazz kabla ya kuongoza Mlimani Park, alijua pia saksafoni. Kiongozi wa namna hiyo humdanganyi kuhusu nani kakosea.

Kwa sikio langu, shujaa wa sauti hiyo si mpiga solo. Ni wa rithim. Mtazame Omar Shabani, aliyecheza rithim Simba Wanyika, bendi ya ndugu wa Tanga waliohamia Nairobi. Mwaka 1978 yeye na wenzake walichomoka wakaunda Les Wanyika, wakafanya mazoezi kwa miezi kabla ya kupanda jukwaani. Wimbo wao Sina Makosa ulipotoka, gitaa lililowanasa watu kutoka sekunde ya kwanza lilikuwa lile la chini, linalozunguka bila haraka. Solo unaweza kuipigia makofi, lakini rithim ndiyo inayokutoa kwenye kiti.

Nairobi, hata hivyo, ilikuwa na mfumo mwingine. Kule kulikuwa na kampuni za santuri. Mpigaji aliingia studio, wimbo ukachapwa, ukauzwa. Mbaraka Mwinshehe aliitumia njia hiyo vizuri. Alikuwa mpiga solo, mtunzi na mwimbaji wa Morogoro Jazz, akaenda nayo Japan kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, na mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano yake mwenyewe. Santuri zake zilitoka Nairobi. Kisha Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ukabaki hivyo hadi 1983, na njia ya kwenda Nairobi ikawa ngumu. Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34.

Upande wa Dar es Salaam mambo yalikwenda kwa redio. Bendi zilikwenda studio za Redio Tanzania, Barabara ya Pugu, zikapiga wimbo mzima kwa pamoja, waimbaji na gitaa na ngoma, mara moja. Ukikosea, wote mnarudia. Wimbo ukirushwa, nchi nzima inaujua ndani ya wiki moja, watu wanajaa ukumbini Jumamosi, na mpigaji analipwa mshahara ule ule. Mkanda ulibaki redioni. Sasa hata sauti ya vidole vyake ilikuwa na mwenyewe mwingine.

Na nyuzi? Hapa wazee wakianza kusimulia hawanyamazi. Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita ya Kagera, fedha za kigeni zilikuwa adimu na sabuni yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni. Nani angeagiza nyuzi za gitaa? Uzi wa kwanza, ule mwembamba, ndio unaokatika. Jasho la ukumbini na unyevu wa pwani vinaula kwa kutu, na mpiga solo ndiye anayeuvuta kuliko wote. Fundi wa kubuni alichukua waya wa breki za baiskeli, akaufumua, akatoa uzi mmoja wa ndani na kuufunga kwenye gitaa. Ulipiga. Ulichana ncha za vidole pia, lakini ulipiga. Nyuzi nene za besi zilizokufa sauti zilitiwa kwenye sufuria ya maji na kuchemshwa kama mihogo. Uchafu ukitoka, sauti inarudi kwa siku chache. Katikati ya shida hiyo alikuwepo Ndala Kasheba, aliyetoka Lubumbashi, akitamba na gitaa la nyuzi 12. Wenzake wanahangaika na sita, yeye anatafuta kumi na mbili! Lakini lile gitaa likilia hukuhitaji kuambiwa ni nani yuko jukwaani.

Wiki ya kazi ilikuwa ngumu kuliko mashabiki walivyodhani. Mazoezi asubuhi siku za kazi, kisha ukumbi usiku, na Jumapili kuna bugi la mchana kabla ya dansi la jioni. Mpigaji hukaa jukwaani hadi saa nane, saa tisa usiku, amesimama, gitaa begani, akirudia mzunguko ule ule wimbo mmoja kwa dakika kumi huku watu wakicheza. Shabiki akifurahi humbandika noti kwenye paji la uso, nayo hushikwa na jasho. Mpiga rithim hatunzwi sana. Noti huenda kwa mwimbaji na wa solo.

Miaka ya 1990 mashirika yalianza kubinafsishwa, na bendi nyingi zikapoteza baba. Zikaja redio binafsi, Radio One ikiwa ya kwanza kutamba kuanzia 1994, zikaja kibodi, kisha kompyuta, kisha Bongo Fleva, na studio haikuhitaji tena watu kumi na wawili. Zilizosimama, kama African Stars ya Asha Baraka, zilirudi kwenye utaratibu wa zamani wa mwenye vyombo. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 iliwapa watunzi pa kushika, ingawa mpiga gitaa aliyesuka ile rithim mazoezini si mtunzi kwa maana ya karatasi.

Ndipo deiwaka akawa mtu wa kawaida. Deiwaka ni mpigaji asiye na bendi: anapigiwa simu saa kumi jioni kwamba wa solo kaugua, aje Sinza au Mwananyamala, atapewa mgao wa mlangoni. Hajafanya mazoezi na bendi hiyo. Lazima ajue nyimbo za Msondo, za Sikinde, za Maquis, za Vijana Jazz, na kodi zake kwa ufunguo wowote mwimbaji atakaoutaka. Mgao ukiwa mdogo, nauli ya kurudi nyumbani ni juu yake.

Mwaka jana nilikaa nyuma ya jukwaa la harusi moja Kinondoni na deiwaka wa namna hiyo, kijana wa miaka ishirini na kitu. Alikuja kwa bodaboda, gitaa mgongoni kwenye begi lililoshonwa kwa mkono. Lilikuwa lake, alilinunua la mtumba Kariakoo na kulibadilisha vifungulio viwili. Mfukoni alikuwa na uzi wa kwanza wa akiba, umekunjwa kwenye kipande cha gazeti. Alilitunia sikioni, kwa kuegemeza shavu kwenye mbao, maana DJ alikuwa amefungulia muziki mkubwa. Kisha akachomoa waya wake mwenyewe akauchomeka kwenye amplifaya ya bendi, iliyoandikwa jina la tajiri kwa rangi nyeupe pande zote nne. Ilikoroma, ikakatika. Fundi mitambo akaja, akaipiga kofi la upande, ikawaka. Kijana akaniangalia, akatikisa kichwa, akaanza kutafuta rithim.