Sanduku Kuu na Sanduku Dogo la Stima Nyumbani

Nyumba zetu za pwani hukua. Mzee hujenga chini, mwana akioa huongezwa ghorofa, kisha hutokea vyumba viwili vya kupangisha uani. Stima nayo hufuata: kebo huvutwa kutoka chini na sanduku jengine hupigwa ukutani juu. Wengi ninaozungumza nao huamini kuwa sanduku hilo la pili limewaongezea stima. Halikuongeza kitu. Limegawanya ile ile iliyokuwapo, na kutolijua hilo ni hatari.

Tuanze na sanduku kuu. Stima hutoka kwenye nguzo, ikapita kwenye mita, ndipo ikaingia humo. Ndani mna swichi kuu, ambayo ukiizima nyumba nzima huzimika, na safu ya breka. Kila breka ina njia yake: taa kwa kawaida huwekewa breka ya ampea 6 au 10 na waya wa milimita 1.5 za mraba. Soketi hutumia waya wa milimita 2.5, shawa ya maji moto huwa na waya mnene zaidi na breka yake peke yake. Kazi ya breka ni kuulinda waya. Waya ukibebeshwa kupita kiasi, breka hukata kabla haujapata moto.

Katika sanduku hilo pia panafaa pawe na RCD, kifaa kinachokata stima inapovuja, kwa mfano inapopita kwenye mwili wa mtu. Ya kumlinda mtu ni ya miliampea 30. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi michache. Isipokata, ibadilishwe.

Sanduku dogo ni tawi la lile kuu. Likifungwa sawasawa lina faida: fundi aweza kuzima ghorofa ya juu tu bila kuwaweka gizani walio chini. Lakini lina masharti. Kebo yake itoke kwenye breka yake yenyewe katika sanduku kuu, isidokolewe kwenye soketi wala kwenye waya wa shawa. Unene wa kebo ulingane na breka hiyo. Na ndani ya sanduku dogo, waya wa nyutro na waya wa ethi zikae mbalimbali, kila mmoja na mahali pake.

Sasa hesabu. Tuseme swichi kuu ni ya ampea 60. Kwa volti 240, hizo ni wati 14,400 kwa nyumba nzima. Shawa ya wati 5,500 hula karibu ampea 23. Pasi ya wati 2,000 hula karibu 8, na birika la umeme kama hilo 8 nyengine. Juu wakiwasha vyote vitatu ni karibu ampea 40. Chini wakiwasha shawa na birika ni 31. Jumla ni 71, na mipaka ni 60. Hata ukifunga masanduku matatu, hesabu haibadiliki.

Hapo ndipo breka huanza kukata kila jioni, na mtu akashauriwa aweke kubwa zaidi. Usikubali. Breka kubwa juu ya waya ule ule mwembamba huuacha waya upate moto ndani ya ukuta usipouona. Dawa ni kupunguza matumizi ya pamoja, au kuomba Kenya Power ikuongezee uwezo wa laini, kisha waya zibadilishwe zilingane.

Sisi wa karibu na bahari tuna adui mwengine: chumvi. Hewa yake hula vichwa vya skrubu na viungio, vikalegea na kupata moto. Sanduku lisikae panapopigwa na upepo wa bahari wala karibu na bafu. Ukisikia mlio, harufu ya plastiki kuungua, au kifuniko kikiwa cha moto, zima swichi kuu uite fundi.

Muulize fundi leseni yake ya EPRA kabla hajafungua sanduku, na akimaliza aandike kila breka ni ya wapi. Katika mitaa kama Mji wa Kale, kuta zimegusana na gari la zimamoto halipiti vichochoroni. Moto wa kwako ni wa jirani pia, na jirani ana haki juu yako.