Kituo kilichofichua vifo vya watoto mabandani

KWA muda mrefu ilidhaniwa kuwa mtoto anayezaliwa Nairobi ana nafuu kuliko mwenzake wa mashambani. Takwimu za kitaifa za mwaka 1998 ziliunga mkono dhana hiyo: kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai jijini, 62 hivi walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, ilhali mashambani walikuwa 113.

Mwaka 2000, Kituo cha Afrika cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya (APHRC) kiliwahoji wakazi wa mitaa ya mabanda pekee. Idadi iliyopatikana huko ilikuwa watoto 151. Mtoto wa mabandani, katika jiji lenye Hospitali Kuu ya Kenyatta, alikuwa hatarini kuliko yule wa kijijini. Wastani wa jiji ulikuwa umemficha nyuma ya watoto wa mitaa ya kifahari.

APHRC, yenye makao yake Nairobi na ofisi jijini Dakar, Senegal, ilianza mwaka 1995 kama mpango wa kuwafadhili wasomi chipukizi wa Kiafrika, ikawa shirika huru mwaka 2001. Kuanzia 2002, wahojaji wake walipita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Korogocho na Viwandani kila baada ya miezi minne, wakisajili waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Haikuwa kazi nyepesi, kwani mpangaji wa mabandani huhama upesi.

Aidha, wengi hufia nyumbani bila kuonwa na daktari. Kwa hivyo jamaa za marehemu waliulizwa kuhusu dalili za ugonjwa, kisha madaktari wakayapitia majibu hayo ili kukadiria chanzo cha kifo. Vifo vya kati ya 2003 na 2005 vilipochanganuliwa, Ukimwi na kifua kikuu vilibainika kuchangia takribani nusu ya miaka ya uhai iliyopotea miongoni mwa waliopita umri wa miaka mitano. Watoto wachanga waliangamizwa zaidi na homa ya mapafu na kuhara, maradhi ambayo yana tiba.

Vituo vya aina hii vilikuwepo pia Ifakara, Tanzania, na Navrongo, Ghana, vikiunganishwa na mtandao wa INDEPTH ulioundwa mwaka 1998. Hata hivyo, mkazi aliyebishiwa hodi mara tatu kwa mwaka ana haki ya kuuliza majibu yake yamemletea maji safi lini.