Wadhamini Tisa na Kijiji Kisicho na Kiti

Hivi karibuni watu watatu waliopata kuwa wanafunzi wangu walinijia ofisini hapa Dodoma na rasimu ya katiba. Wanakusudia kusajili taasisi ya hisani ya kusaidia shule ya msingi na huduma ya maji katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Rasimu ilikuwa safi, malengo yamepangwa vizuri. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na majina ya wadhamini tisa: wasomi, watumishi wa umma, mchungaji mmoja na mfanyabiashara mmoja. Hakuna hata mmoja anayeishi kijijini hapo. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwa adabu: "Wanakijiji ndio walengwa, Daktari."

Neno hilo limezoeleka mno katika taarifa za miradi, hata tumesahau kwamba anayelengwa si yule anayeshika upinde.

Niliwasimulia habari ya Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, ambacho wengi wanakijua kwa kifupi chake, RDA. Chimbuko lake ni Litowa, Songea, ambako vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda kuanzisha kijiji mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwanzo ulikuwa mgumu; njaa iliwarudisha makwao, kisha wakajaribu tena. Mwaka 1963 chama kiliundwa, na kufikia 1969 kilikuwa kimeunganisha vijiji vipatavyo 17. Kilikuwa na mashine ya kusaga nafaka, mashine ya kupasua mbao na karakana. Misaada ya fedha na vifaa ilitoka nje ya nchi, kama itokavyo kwa taasisi nyingi za leo.

Tofauti ilikuwa katika uongozi. Mwingereza Ralph Ibbott, aliyehamia Litowa na familia yake, alikuwa mshauri. Hakuwa mwenyekiti, wala hakuwa msemaji wa wanakijiji. Uamuzi ulitoka katika mikutano ya vijiji. Baadaye lilipatikana kundi la wanavijiji wenye uzoefu, lililoitwa kwa kifupi SERA, na kazi yake ilikuwa kuhamia katika vijiji vichanga, kuishi humo na kulima pamoja na wenyeji hadi vijiji hivyo visimame. Naomba msomaji alitafakari jambo hili: timu ya uongozi ambayo sifa yake ya kwanza ni kuwa tayari kuhama na jembe!

Shule ya Litowa nayo iliendeshwa katika roho hiyo hiyo. Chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka, watoto kutoka vijiji vya chama walisoma na kulima, na masomo yalitazama maisha watakayoyaishi. Mwalimu Nyerere aliifahamu Litowa na kuipenda, na anayesoma waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967 ataona kuwa mengi yaliyopendekezwa humo yalikuwa tayari yakitendeka huko.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliipiga marufuku RDA. Mali zilichukuliwa, walimu wakahamishwa, akina Ibbott wakaondoka nchini. Kosa lilikuwa nini? Wanahistoria wanataja mivutano na viongozi wa mkoa, ukiwemo mzozo kuhusu kilimo cha tumbaku. Kwa maoni yangu kiini ni kimoja: viongozi wa chama hicho waliwajibika kwa vijiji vyao, na ofisi za mkoa hazikuwa na namna ya kuwaamuru. Hata hivyo nisiipambe RDA kupita kiasi. Ilitegemea sana kupendwa na mtu mmoja aliyekuwa Ikulu, na siku ulinzi huo ulipokosekana haikuwa na ngome nyingine.

Kwa nini nasimulia ya Songea nikiwa Ugogoni? Kwa sababu kilichofuata kilitufikia hapa. Mara baada ya RDA kuvunjwa, dola na chama vilishika wenyewe kazi ya kuunda vijiji, na Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa miongoni mwa majaribio makubwa ya awali. Mwalimu mwenyewe alikaa Chamwino akafyatua matofali na wananchi, na sina shaka na nia yake. Lakini Wagogo walikuwa na sababu za kutawanyika: mvua ya nyanda hizi hunyesha hapa ikaruka pale, na ng'ombe wanahitaji nafasi. Tembe zilizotengana zilikuwa elimu ya vizazi vingi. Waliopanga mahali pa vijiji hawakuhitaji kuwauliza wenye elimu hiyo, kwa kuwa hao walikuwa, kwa lugha ya leo, walengwa. Mwishoni mwa 1973 kuishi vijijini kukawa amri kwa nchi nzima.

Wakati huohuo Matetereka, kimoja cha vijiji vya RDA, kiliendelea na shamba la pamoja kwa miongo kadhaa baada ya chama chenyewe kufutwa.

Leo hali ya kisheria ni tofauti. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, pamoja na marekebisho ya 2019, inayataka mashirika kupeleka taarifa za mwaka kwa Msajili. Wadhamini husajiliwa RITA. Wafadhili nao hudai hesabu zilizokaguliwa. Yote ni mema, ila taarifa zote hizo hupanda juu. Mzazi wa Chamwino hapati nakala, wala hana kura ya kumwondoa mwenyekiti.

Wale vijana wamerudi juzi. Wameongeza viti viwili vya wajumbe watakaochaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Niliwapongeza, kisha nikauliza vikao vya bodi vitafanyika wapi. Walitazamana. Rasimu inasema: Dodoma mjini, katika hoteli itakayoteuliwa na Katibu.